Msumari wa Ishirini na Tatu

Kwenye geti la hifadhi ya msitu palikuwa na ubao wenye misumari arobaini, na kwenye kila msumari kibati chenye namba. Ukitaka kuingia kutembea, unachukua kibati kimoja, unakitia mfukoni, unakwenda zako. Ukitoka, unakirudisha pale pale ulipokitoa. Jina hakuna anayekuuliza. Vikiisha vyote arobaini, unasubiri mwenzio atoke. Saa kumi na moja jioni mlinzi wa geti anautazama ubao. Ukiwa umejaa, msitu hauna mtu, funga geti ukalale. Msumari mmoja ukiwa mtupu, kuna mtu humo ndani, na lazima atafutwe kabla giza halijaingia. Basi, ndiyo hivyo tu. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Mlinzi mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, aliyekaa getini miaka kumi na moja mpaka jina lake likasahaulika. Kila mtu alimwita Mama Geti, hata mama mkwe wake nyumbani akitaka kumchokoza. Kibanda chake kilikuwa na dirisha moja, kiti kilichobonyea upande wa kushoto, birika la umeme, daftari la ripoti, na king'ora cha kuzungusha kwa mkono kilichofungwa ukutani kwa nati nne. King'ora hicho alikuwa amekitumia mara tano katika maisha yake ya kazi, na mara zote tano mtu alipatikana akiwa mzima, amekaa juu ya gogo, anawalaumu waliokuja kumtafuta kwa kuchelewa. Watu bwana!

Njia za kutembelea zilikuwa tatu, na alama zake zilipakwa rangi kwenye magome ya miti. Njia Nyeupe ilizunguka bwawa, tambarare kama meza, njia ya wenye vigari vya watoto na ya wachumba wasiotaka kuonekana na wazazi. Njia ya Buluu ilipanda na kushuka kati ya misonobari. Hiyo waligombania wakimbiaji na waendesha baiskeli, na kila upande uliamini kwamba msitu ulioteshwa kwa ajili yake. Njia Nyekundu iliteremka korongoni, ikavuka kijito kwa kidaraja cha mbao, ikapanda tena upande wa pili. Huko simu haishiki. Na mvua ikinyesha milimani, hata kama getini jua linawaka, kijito kile hujaa ghafla kikabeba mpaka mawe. Kibao cha kuonya kilikuwapo, kwa herufi kubwa, na watu walikuwa wakipiga picha mbele yake wakicheka.

Aliyeutunga utaratibu wa vibati alikuwa Mkuu wa hifadhi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kanuni, kwa sauti ya chini bila shaka. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi mapema usije ukamchukia bure. Hakuwahi kuiba hata msumari, hakumfokea mtu, hakumpendelea mpwa wala binamu. Yeye mwenyewe akiingia msituni alichukua kibati kama raia mwingine yeyote, tena bila kuaga, kwa sababu alisema kanuni inayomhitaji mtu aage si kanuni. Ila akishaandika jambo limeandikwa. Na aliandika hivi: kibati kikipotea, mlinzi anajaza ripoti, ripoti zikifika mbili, kazi imekwisha.

Aliyekuwa getini kabla ya Mama Geti alikuwa mzee mmoja mpole, amebakiza miezi saba astaafu. Vibati viwili vikampotea ndani ya mwezi mmoja. Bwana Kanuni alimpa barua, akampa mkono, akamshukuru kwa utumishi wake, na mzee akaondoka na kiti chake kichwani, maana kiti kilikuwa mali yake. Unga ukamwagika hivyo hivyo, kwa heshima zote. Mama Geti, wakati huo mfagizi wa ofisi, aliona kwa macho yake. Kesho yake akakabidhiwa ubao.

Ripoti ya kwanza aliijaza mwaka wake wa tano. Kijana wa kukimbia, masikio yameziba kwa muziki, alikwenda na namba sita mpaka leo, na ofisi ikatoa kibati kingine. Halafu, miaka mitatu iliyopita, siku ya Jumapili, akatoka mama mmoja mwenye kofia pana akasema, "Dada, nisamehe, kibati chako kimeniponyoka pale kidarajani. Kimeingia majini, plup!" Akacheka kidogo, akaingia kwenye gari lake, akaondoka. Kilikuwa namba ishirini na tatu.

Mama Geti hakujaza ripoti. Hakuna mtu aliyepotea, alijiambia, bati tu ndilo limepotea, tena anajua lilipo, chini ya maji. Alifunga geti, akaenda nyumbani roho ikiwa juu juu, akamweleza mumewe.

Mumewe alikuwa fundi bati. Ndoo, makarai, masanduku ya wanafunzi, mifereji ya kukingia maji ya mvua, vyote vilitoka mikononi mwake chini ya turubai la nyuma ya nyumba. Alimsikiliza mkewe, akachukua mkasi wake wa bati, na kabla chai haijapoa, kibati namba ishirini na tatu kikawa mezani. Ukubwa ule ule, tundu mahali pale pale, namba zimegongwa vizuri, rangi imepigwa. Kasoro moja tu: alikuwa amekunja ukingo.

"Vya wenzake havina mkunjo," Mama Geti alisema.

"Mimi sitoi kazi inayokata watu mikono," fundi akajibu. "Kama wewe unataka bati la kukata watu, katafute fundi mwingine."

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, hakuinua hata macho. "Jamani, mwanangu sasa ni fundi wa serikali," akasema. "Ila mshahara ndio haujui."

Asubuhi yake kibati kikatundikwa, na hakuna aliyejua. Kwa macho usingeweza kukitofautisha na wenzake. Kwa vidole ndiyo. Mama Geti alikuwa na mazoea, kila jioni akishafunga geti, ya kuvipangusa vibati vyote kwa kitambaa, kimoja kimoja, kwa sababu watu hurudi na mikono ya matope. Alivipangusa akiwaza mambo yake, mara nyingi akiangalia nje dirishani. Vidole vikifika namba ishirini na tatu, vikikuta ule mkunjo, moyo ulimdunda mara moja, kisha ukatulia. Hivyo kila siku, miaka mitatu. Mtu huzoea hata hayo.

Sasa siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kesho yake wakaguzi wa wizara walikuwa wanakuja, na hifadhi nzima ilikuwa mbio. Askari wa doria wawili walitapakaa chokaa mpaka kwenye nyusi kwa kazi ya kupaka mawe ya maegesho. Saa nane mchana gari la ofisi lilitoka, na kila mtu akajua Mkuu amekwenda mjini kuhakikisha mambo ya wageni, kama alivyosema asubuhi. Watembeaji walikuwa thelathini na kitu. Milimani mawingu yalikuwa yamekaa tangu mchana, meusi, hayaendi wala hayarudi.

Miongoni mwa watembeaji alikuwamo mzee mmoja, mpeleka barua mstaafu, aliyekuja kila Alhamisi na fimbo yake na mfuko wa kuokotea takataka za wenzake. Siku hiyo, kwenye changarawe za kijito, mbali kidogo chini ya kidaraja, aliona kitu kinang'aa. Akakitoa kwa ncha ya fimbo. Kibati, namba ishirini na tatu. Alipofika getini saa kumi na nusu, Mama Geti alikuwa nyuma ya kibanda anamwonyesha mwendesha baiskeli bomba la maji. Mzee akatundika kibati chake, namba tisa, kwenye msumari wa tisa. Akautazama ubao, akaona msumari wa ishirini na tatu mtupu. Mtu aliyepeleka barua miaka thelathini na nne, nyumba kwa nyumba, namba kwa namba, ungetaka afanye nini? Akakitundika. Alikwenda nyumbani siku hiyo na furaha ya pekee. Haya yote Mama Geti aliyajua baadaye, Alhamisi iliyofuata, mzee alipokuja kumsimulia akitegemea shukrani.

Saa kumi na moja ikafika. Mama Geti akasimama mbele ya ubao, akahesabu mistari: kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Umejaa. Akafunga geti, akazima birika, akachukua kitambaa.

Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Alikuwa akiwaza viatu atakavyovaa kesho mbele ya wakaguzi. Ishirini na moja, ishirini na mbili. Ishirini na tatu.

Vidole vikapita. Mkunjo haukuwapo.

Alirudia. Akakitoa msumarini, akakisogeza dirishani. Ukingo bapa, umeliwa na kutu, na kwenye mashimo ya namba mchanga mwembamba wa kijito umekauka. Hamadi! Alikitambua kama mtu anavyomtambua ndugu aliyekwenda safari ndefu. Hiki ndicho cha kweli. Kile cha mumewe kiko wapi?

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na moja na dakika kumi.

Akakaa. Akili yake haikuwa nzito, na hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Kibati cha mumewe kilichukuliwa leo, la sivyo msumari usingekuwa mtupu wa kutundikiwa kingine. Ama aliyekichukua ametoka nacho mfukoni, kama yule kijana wa muziki, na sasa yuko kwake anavua viatu. Ama hajatoka. Kama hajatoka, yuko msituni, na duniani kuna mtu mmoja tu anayejua, na mtu huyo amekaa kwenye kiti kilichobonyea ameshika kitambaa.

Alijaribu kukumbuka nani alichukua ishirini na tatu. Msumari huo uko mstari wa tatu, upande wa kushoto, karibu na mlango wa upande wa ofisi. Watu warefu hawainami kuufikia. Akawapitisha watu wa siku hiyo kichwani: mama na binti yake, wakimbiaji wanne wa fulana za njano, mzee wa barua na fimbo yake, wanandoa waliokuwa wamenuniana wakaingia na kutoka hivyo hivyo. Hakuna. Kusema kweli mchana alikuwa nje akiwahimiza askari wamalize mawe. Watu walijichukulia wenyewe.

Kupiga king'ora ubao ukiwa umejaa maana yake ni kueleza. Kueleza maana yake ni kukiri, na kukiri si ripoti ya pili tu, ni miaka mitatu ya uongo unaoning'inia ukutani, usiku wa kuamkia ukaguzi. Alikuwa amebakiza miaka sita. Alimwona yule mzee na kiti chake kichwani. Na pengine hakuna mtu! Pengine angejimwagia unga kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufika kwake.

Akampigia mumewe.

"Ulitengeneza vibati vingapi vya ishirini na tatu?"

"Kimoja. Kwani vipi?"

Akamweleza. Nyundo ya jirani ikasikika ikigonga mahali. "Mtu kaenda nacho," fundi akasema mwishowe. "Watu wanaenda navyo, wewe mwenyewe unasema. Njoo nyumbani, mke wangu. Kesho asubuhi mapema utapita hiyo njia kimya kimya, uangalie."

"Na mvua je?"

"Mvua gani? Huku kukavu."

Alitazama nje. Getini nako kukavu. Lakini milimani yale mawingu yalikuwa yameshuka, na chini yake hewa ilikuwa ya kijivu, imenyooka, kama pazia. Simu ikachukuliwa na mama mkwe. Alimsikia akimwambia mwanawe asogee.

"Wewe. Humo ndani kuna mtu au hakuna?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Sasa wanakulipa ulinde watu au ulinde misumari?"

"Mama, nitafukuzwa."

"Utafukuzwa, ndiyo. Utakuja hapa tuchambue mboga wawili, nitakuchoka, utanichoka. Haya, mimi nimesema." Akakata simu, maana hakuwa mtu wa kuaga.

Mama Geti hakuinuka mara moja. Hilo lazima lisemwe. Alikaa na kile kibati chenye kutu mapajani, akatazama mshale wa saa ukisogea, akijiambia kwamba anafikiri, na ukweli ni kwamba alikuwa amekwisha kufikiri zamani. Alikuwa anaogopa tu. Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano akapiga moyo konde, akaushika mpini wa king'ora, akazungusha.

Askari wa doria walikuja mbio na brashi zao za chokaa. Mmoja wao, ambaye kwa urefu wake aliitwa jina moja tu, Mlingoti, alisimama mbele ya ubao akahema.

"Mama Geti, ubao umejaa. Unatupigia nini?"

"Kuna mtu ndani. Ana namba ishirini na tatu."

"Ishirini na tatu si hii hapa?"

"Hiyo ni ya kweli. Aliyo nayo yeye ni ya bandia."

Mlingoti akamtazama, akautazama ubao, akamtazama tena. "Ya kweli ipo, ya bandia ndiyo imepotea. Mama, jua limekupiga?"

Akawaeleza, maneno machache, bila kujitetea. Mlingoti aliuliza neno moja tu: "Mkuu anajua?" Mama Geti akasema, "Atajua." Kisha akasema, "Anzeni na Nyekundu. Tazameni milima." Wakageuka wakaona. Wakachukua kamba, machela, na tochi, wakaondoka kwa hatua ndefu.

Kazi ya mlinzi wakati wa msako ni kubaki getini akizungusha king'ora kila baada ya dakika tano, ili aliyepotea ajue upande wa kutokea. Akazungusha. Kati ya mlio na mlio msitu ulikuwa kimya kabisa, hata ndege. Alimpigia Mkuu mara nne, simu haikupatikana. Akaona afadhali. Aliona haya kwa kuona afadhali, akazungusha tena.

Saa kumi na mbili na robo matone ya kwanza yakapiga bati la kibanda. Na nusu, akasikia kwa mbali ule mngurumo wa chini chini anaoujua, wa kijito kinapobadilika kuwa kitu kingine. Mkono ulimuuma, akabadilisha, akazungusha kwa wa kushoto. Kama kuna mtu kule, aliomba, awe amekaa juu ya gogo anatulaumu. Anitukane mpaka achoke.

Saa moja kasoro, mwanga wa mwisho ukiwa umebaki juu ya miti tu, tochi zikatokea. Wawili wamebeba, mmoja amelala. Mama Geti akatoka nje mvuani. Kitu cha kwanza alichokiona ni kiatu cheusi kilichong'arishwa, kimelowa, lakini kimefungwa kamba vizuri. Kisha suruali yenye mkunjo wa pasi mpaka gotini, na chini ya goti mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Loo salale. Bwana Kanuni.

Hakuwa amekwenda mjini. Gari lilikuwa limepelekwa gereji na dereva peke yake. Yeye alikuwa amepita mlango wa upande wa ofisi, akainama, akachukua kibati cha karibu, akaingia kuikagua Njia Nyekundu kabla ya wakaguzi. Chini ya kidaraja aliona mshale wa alama umegeuzwa na wahuni, unaelekeza watu majini. Hakuweza kuuacha umepinda. Alitoka njiani, akakanyaga jiwe lenye utelezi, akaanguka, mguu ukanasa kati ya mawe mawili. Saa tisa na nusu. Yule mzee wa barua alikuwa amekwisha kupita hapo na kuanza kupanda. Walipomfikia, Mlingoti alisimulia, maji yalikuwa kifuani, na ameushika ule mshale kwa mikono miwili. Nusu saa baadaye pale palikuwa hapaonekani, si mshale wala jiwe.

Walimweka kwenye sakafu ya kibanda kusubiri gari la wagonjwa. Midomo ilikuwa ya buluu. Aliingiza mkono mfukoni taratibu, akatoa kibati, akamnyooshea Mama Geti.

"Kitundike," akasema.

Alikipokea. Vidole vikakuta mkunjo.

"Msumari umejaa, Mkuu."

Bwana Kanuni aligeuza shingo, akauangalia ubao kwa muda mrefu, kuanzia namba moja, kama alivyozoea, mpaka mstari wa tatu, upande wa kushoto. Hakuwa mtu wa kuelezwa hesabu mara mbili.

Wiki tatu zilipita. Wakaguzi walikuja wakaahirisha, wakaja tena. Getini pakawekwa daftari la majina na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Kisha Mama Geti akaitwa ofisini. Alivaa vile viatu alivyokuwa ameviwaza. Mkuu alikuwa nyuma ya meza, mguu wenye plasta juu ya stuli, barua mbele yake, vibati viwili vya ishirini na tatu juu ya barua.

"Keti. Nimeisoma kanuni yangu," akasema. "Inasema kibati kikipotea. Namba ishirini na tatu hakikupotea. Kipo. Kwa kweli vipo viwili. Kwa hiyo ripoti yako ya pili haipo, na siwezi kukufukuza kwa ripoti ambayo haipo."

Mama Geti hakujua acheke au alie.

"Lakini getini hutakaa tena. Kuanzia Jumatatu uko kikosi cha njia. Kufyeka, kufagia, kupaka alama."

"Asante, Mkuu."

"Usinishukuru, ni kazi ngumu." Akakisogeza kwa kidole kile kibati chenye mkunjo. "Siku ile cha kweli kilipoanguka majini, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenifanya nini?"

Mkuu alikuwa na makosa yake, lakini uongo haukuwamo. Aliutazama mguu wake kwanza.

"Ningekufukuza," akasema.

"Basi."

Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha nje, dirishani kukawa na ukungu. Angeweza kuinuka hapo, na mambo yangekuwa yameisha vizuri kuliko alivyotegemea. Kazi anayo, aibu imepita, hata mama mkwe alikuwa ameanza kumwita mwokozi, kwa kejeli kidogo. Lakini kwa wiki tatu alikuwa akiamka na jambo moja, na hakutaka kulikunjia ukingo likae kama wenzake.

"Kuna lingine, Mkuu. Niliwaambia askari kwamba niligundua nikapiga king'ora hapo hapo. Si kweli. Niligundua saa kumi na moja na dakika kumi. Nilipiga na thelathini na tano. Katikati nilikaa."

"Ulikaa."

"Nilikaa kwenye kiti. Nilikuwa nahesabu miaka yangu iliyobaki."

Bwana Kanuni hakusogea. Alikuwa na saa mkononi siku ile, saa isiyoingia maji, na alikuwa ameitazama sana. "Na dakika kumi maji yalikuwa kwenye magoti," akasema polepole, kama anayesoma. "Na thelathini na tano yalikuwa hapa." Akagusa kiuno.

"Andika na hilo, Mkuu."

Alichukua kalamu. Akavuta mtoto wa meza, akapekua mafaili yake moja baada ya jingine, yale ya buluu, yale ya njano, karatasi alizozipanga mwenyewe kwa miaka kumi na sita, kila kosa na karatasi yake. Alipekua mpaka la mwisho. Kisha akausukuma mtoto wa meza ukafungika, akaiweka kalamu chini.

"Hilo halina fomu," akasema.

Nje mvua ikakatika. Kisha Mama Geti akainuka, akamwinulia stuli iliyokuwa imeteleza chini ya mguu, akatoka. Jumatatu alipewa kopo la rangi nyekundu na brashi, akateremka korongoni kupaka alama mpya, juu zaidi ya pale maji yalipofika.